Mwanamke kwenye ununuzi na ugavi: kutoka stoo hadi ukuu wa kitengo

Katika ofisi nyingi za Tanzania, binti aliyetoka TIA, CBE, Mzumbe au Chuo cha Uhasibu Arusha na cheti chake cha ununuzi na ugavi hupokelewa vizuri, kisha hukalishwa kwenye kazi zilezile: kuchapa barua za mwaliko, kupanga majalada, kuandika muhtasari wa Bodi ya Zabuni. Mvulana aliyemaliza naye darasa moja hupelekwa stoo, bandarini na saiti. Baada ya miaka mitano mmoja anaujua mzigo, mwingine anazijua karatasi za mzigo. Nafasi ya ukuu wa kitengo ikitoka, anayeujua mzigo ndiye husemwa ana uzoefu. Hakuna aliyekaa kikao kumzuia binti. Mgawo wa kazi ulimzuia. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza angalia unagawiwa nini, na uubadilishe mgawo huo kabla haujawa mazoea ya ofisi.

Usajili kwanza

Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, ipo kwa sheria ya mwaka 2007, na sheria hiyo inamtaka anayefanya kazi hii kitaalamu awe amesajiliwa. Usisubiri ajira ndipo ujisajili. Matangazo ya Afisa Ugavi kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, huomba usajili, na muda wa kuomba hufungwa haraka kuliko unavyoweza kuhangaikia vyeti na mihuri. Jisajili mara matokeo ya chuo yakitoka, kisha lipa ada ya kila mwaka bila kuruka. Usajili uliolala huonekana siku ya uhakiki, na hapo huna muda wa kurekebisha.

Baada ya hapo ingia CPSP, cheti cha kitaalamu cha PSPTB kinachopatikana kwa mitihani. Mitihani hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na mwenye shahada ya ununuzi husamehewa hatua za chini. Kosa linalowagharimu wengi ni kusema "nitafanya nikishatulia." Kazi hii haitulii: Mei inakukuta unahangaika na kufunga mwaka wa fedha, Novemba inakukuta kwenye zabuni zilizochelewa. Jiandikishe ukiwa katikati ya shughuli hizohizo, soma saa moja alfajiri kabla nyumba haijaamka, na ukianguka somo rudia msimu unaofuata bila kupumzika mwaka.

Kama unalenga migodi, kampuni za simu au mashirika ya kimataifa, CIPS, taasisi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi ya Uingereza, ina uzito wake. Hadhi ya MCIPS, yaani uanachama wake kamili, hupatikana baada ya ngazi ya 6 na miaka 3 ya uzoefu. Kwa utumishi wa umma anza na CPSP. Wenzetu wa Kenya wana KISM, taasisi yao ya wataalamu wa ugavi, nayo chini ya sheria ya 2007.

Omba stoo, hata kama hawakukupangia

Stoo ndipo unapoona alichoahidi mzabuni na alicholeta vikiwa vimewekwa pamoja. Omba kwa maandishi, kwa dokezo fupi kwa mkuu wako: miezi sita stoo, au angalau siku mbili kila wiki, pamoja na kuteuliwa kwenye kamati ya ukaguzi na mapokezi. Ukiomba kwa mdomo utajibiwa "tutaona," na hakuna atakayekumbuka.

Chukua mfano wa nondo, kwa kuwa hakuna mradi wa ujenzi usio nazo. LPO, hati ya kuagiza mzigo, inasema nondo 500 za milimita 12, urefu mita 12. Gari limefika. Kuhesabu peke yake hakutoshi, kwa sababu wizi wa nondo hauko kwenye idadi, uko kwenye unene. Fanya hivi. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe, gawanya kwa 162: unapata kilo kwa mita. Nondo ya 12 inatoa kilo 0.889 kwa mita, yaani kilo 10.67 kwa nondo nzima. Toa nondo 10 kutoka mafungu tofauti, za chini pia, maana zile za juu ndizo zilizopangwa zionekane. Pima urefu kwa futi kamba, kisha zipandishe kwenye mizani. Zinapaswa kukaribia kilo 107. Viwango vinaruhusu tofauti ndogo, lakini mizani ikisoma kilo 90, hizo ni za milimita 11. Milimita moja tu imekula asilimia 16 ya chuma. Kwenye nondo 500, umelipia zaidi ya kilo 850 za chuma ambacho hakipo, na nguzo zitajengwa nacho pungufu. Kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, inasaidia, ila mbavu za nondo huipotosha; mizani haibishaniwi.

Binti aliyefanya hesabu hiyo mbele ya dereva, fundi na mhandisi hahitaji kuomba heshima tena kwenye saiti ile.

Saruji nayo ina yake. Soma daraja kwenye mfuko: 32.5 ni ya plasta na kujengea matofali, 42.5 ni ya zege. Angalia tarehe ya kufungashwa, bonyeza kona za mifuko kutafuta madonge, pima mifuko michache kama inafika kilo 50. Dawa na vitendanishi hutolewa kwa kanuni moja: kinachoisha muda mapema ndicho kinachotoka mapema, hata kama kiliingia mwisho.

Jihadhari na gari linalofika saa kumi na moja jioni Ijumaa. Dereva ana haraka, mkaguzi ameondoka, na simu ya mzabuni inakuomba "usaini tu, dada, kasoro tutarekebisha Jumatatu." Ukisaini kama ilivyo, umekubali mzigo. Kama ni lazima gari lishushe, andika kwa kalamu kwenye nakala zote mbili za delivari, hati inayokuja na mzigo, kabla ya saini yako: "Imepokelewa kwa idadi tu. Ukaguzi haujafanyika." Weka tarehe na saa, mzigo ukae peke yake, usichanganywe na wa zamani. Hati ya mapokezi isitoke mpaka kamati ikague, kwa kuwa hati hiyo ndiyo inayofungua malipo.

Jambo dogo linalosahaulika: viatu vya usalama. Stoo nyingi huagiza namba 41 kwenda juu, na mwanamke mwenye namba 37 huambiwa abaki kwenye gari. Ingiza saizi zako, na za wanawake wengine wa ofisi, kwenye maelezo ya mahitaji ya vifaa kinga mapema, wakati mpango wa ununuzi wa mwaka unaandaliwa.

Hesabu mbili zinazokutofautisha

Ya kwanza ni gharama ya umiliki. Idara imeomba printa. Moja inauzwa 650,000, wino wake 120,000 na unatoa kurasa 1,500. Nyingine ni 1,100,000, wino 180,000, kurasa 6,000. Ofisi inachapa kurasa 3,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa miaka miwili. Printa ya kwanza itakula wino 48, jumla na bei yake 6,410,000. Ya pili itakula wino 12, jumla 3,260,000. "Rahisi" imezidi kwa 3,150,000. Hesabu hii iweke kwenye ukurasa mmoja na uipeleke kabla maelezo ya mahitaji hayajafungwa; baada ya zabuni kutangazwa, vigezo ni vilevile vilivyotangazwa na huwezi kuvigeuza.

Ya pili ni kiwango cha kuagiza upya. Matumizi ya siku, mara siku za kusubiri mzigo, jumlisha akiba ya tahadhari. Hospitali inayotumia boksi 40 za glavu kwa siku, mzigo ukichukua siku 21, na akiba ya siku 10: 840 jumlisha 400, sawa na boksi 1,240. Ikigusa hapo, unaagiza. Manunuzi mengi yanayoitwa ya dharura ni ya kiwango ambacho hakuna aliyekikokotoa.

Kwenye kulinganisha bei, uliza kila mara kama VAT imo. Mzabuni aliyesajiliwa akiandika 10,000,000 bila VAT, utalipa 11,800,000. Aliyeandika 11,500,000 VAT ikiwemo ndiye wa chini. Kosa hili hufanywa na watu wazima wenye vyeo.

Jalada linalojitetea

Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 na Kanuni zake za 2024 zimegawa kazi: Afisa Masuuli (mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake), Bodi ya Zabuni, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, idara tumizi (inayohitaji kitu kinachonunuliwa) na kamati ya tathmini, kila mmoja na lake, bila kuingiliana. Jifunze mgawanyo huu mpaka uweze kuueleza bila kufungua kitabu, maana ndio ngao yako. Mkubwa wa idara akikutaka upendekeze mzabuni wake, huhitaji kugombana naye. Unamwonyesha kwamba uamuzi huo hauko mezani kwako wala kwake.

Hatari kubwa ni agizo la mdomo. "Nunua leo, karatasi zitafuata." Karatasi hazifuati, na mkaguzi akija anakuta saini yako peke yake. Rudi mezani, andika dokezo sabili, yaani dokezo la ndani ya ofisi, siku hiyohiyo: umeelekezwa nini, na nani, saa ngapi, mahitaji hayo yamo au hayamo kwenye mpango wa mwaka, fedha zimethibitishwa au la, njia inayoruhusiwa na Kanuni ni ipi. Malizia na "Naomba maelekezo yako." Liwe na folio, namba yake ya ukurasa kwenye jalada, lipelekwe kwa Afisa Masuuli kupitia kwa mkuu wako. Mara nyingi agizo hubadilika lenyewe likishawekwa kwenye karatasi. Likirudi limeidhinishwa, una maandishi.

Tangu 2023 zabuni za umma zimehamia NeST, mfumo wa ununuzi wa kielektroniki uliochukua nafasi ya TANePS. Kila hatua inabaki na jina la aliyeifanya. Usimpe mtu nywila yako, hata bosi, hata kwa dakika tano ukiwa kwenye daladala. Kilichofanywa kwa jina lako ni chako.

Usigawanye mahitaji ya mwaka vipandevipande ili yaangukie njia ndogo ya ununuzi. Usiandike jina la chapa kwenye vigezo pale unapoweza kuandika uwezo na vipimo. Usirudishe tarehe nyuma. Na Juni, fedha zikikimbizana na tarehe 30, usisaini hati ya mapokezi ya mzigo ambao haujashuka kwa macho yako. Hili la mwisho ndilo limewamaliza maafisa wazuri kuliko jingine lolote, kwa sababu huanza kama msaada kwa ofisi: fedha zisirudi Hazina. Fedha zikirudi ni hoja ya idara. Hati ya uongo ni kesi yako.

Kila mwaka ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishawasilishwa bungeni Aprili, chukua sura ya ununuzi uisome na jalada lako pembeni. Kila hoja iliyoandikwa pale, jiulize kama yako ingepona. Ni darasa la bure ambalo wengi hawalihudhurii.

Wazabuni, zawadi na mitego

Mzabuni atakuita "dada yangu," kisha ataomba "tusaidiane." Jibu fupi linatosha: "Kaka, weka kwenye mfumo." Akisema anataka kuongea na bosi, mwambie suala hili liko mezani kwako na majibu yatatoka kwa barua. Kikao chochote na mzabuni kifanyike ofisini, saa za kazi, wawe wawili upande wenu, na muhtasari usainiwe siku hiyo. Usikubali lifti ya mzabuni, hata mkitoka saiti usiku; omba gari la ofisi kabla ya safari, kwa maandishi, na uandike saa ya kurudi.

Cha juu, fedha ya siri inayoongezwa kwenye bei, kinajulikana. Kisichotazamwa sana ni michango. Kadi ya harusi, ya send-off au ya kitchen party ikimfikia mzabuni, umeomba fedha kwa mtu unayemsimamia, hata kama hukukusudia. Pitia kundi la WhatsApp la kamati yako ya sherehe na utoe kila jina lenye biashara na taasisi yako. Kitenge, vocha au "hela ya soda" ikiletwa, irudishe siku hiyo kwa barua fupi, nakala kwenye jalada.

Vivyo hivyo kwa kikundi chako cha vikoba. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Huu ni uwanja ambao afisa mwanamke anapaswa kuumiliki: kuonyesha mapema kwenye mpango wa mwaka ni ushonaji upi, chakula kipi, usafi upi utakwenda kwao, na kuhakikisha vikundi vinalipwa kwa wakati, kwani kikundi cha akina mama kumi kinachosubiri malipo miezi mitano hufa. Lakini kama wewe au dada yako mmo kwenye kikundi kinachoomba, tamka mgongano wa maslahi kwa maandishi na ukae pembeni ya tathmini hiyo.

Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Mwenye mamlaka akiitaka kwa ajili ya ajira, cheo au upendeleo mwingine, ni kosa. Usifute ujumbe wowote. Andika siku hiyohiyo tarehe, saa, mahali na maneno yaliyosemwa, kama yalivyosemwa. Mweleze mtu mmoja unayemwamini ili kuwe na anayejua tangu mwanzo. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Usijipangie mtego mwenyewe. Wao wana utaratibu wao, na mtego wa mtu binafsi huharibu ushahidi na kukuweka hatarini. Aliyekutendea ndiye mwenye aibu. Wewe huna.

Uzazi bila kupoteza mikataba yako

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Taarifa kwa mwajiri hutolewa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Ukirudi, una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi.

Kinachopotea mara nyingi ni mikataba. Unarudi, mkataba mkubwa uliousimamia una jina la mwingine, na wewe umerudishiwa kuandika muhtasari. Kwa hiyo makabidhiano yaandikwe yakiwa na mwanzo na mwisho: "kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii." Kwa kila mkataba onyesha tarehe ya kuisha, tarehe ya kuisha kwa dhamana, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na folio ya mwisho. Majukumu yako kwenye NeST yahamishwe rasmi na msimamizi wa mfumo. Wiki mbili kabla ya kurudi, mwandikie mkuu wako ukitaja mikataba hiyo kwa majina na tarehe ya kuipokea tena.

Kupanda

Tunza daftari lako la kazi, tofauti na majalada ya ofisi, lisilo na siri za zabuni. Andika namba. "Nilishiriki ununuzi wa huduma za usafi" haisemi kitu kwenye usaili. "Mkataba wa usafi wa ofisi 6, kutoka 4,200,000 hadi 3,650,000 kwa mwezi, akiba 6,600,000 kwa mwaka, bila kupunguza wafanyakazi" inasema.

Muhtasari utaendelea kukufuata. Usiukatae kwa hasira, pendekeza zamu. "Mkubwa, leo nitaandika mimi. Kikao kijacho naomba aandike mwenzangu, mimi niwasilishe taarifa ya tathmini." Mkuu wa kitengo ndiye katibu wa Bodi ya Zabuni na anawajibika moja kwa moja kwa Afisa Masuuli, hivyo anayeonekana kuweza kusimama na kueleza ndiye anayefikiriwa. Jizoeze kuwasilisha kwa dakika tano: tunanunua nini, kwa njia gani, nani ameanguka na kwa kigezo gani, bei inalinganaje na ya soko.

Ukiteuliwa, usisaini makabidhiano kabla ya kuhesabu. Stoo ihesabiwe mbele ya anayeondoka. Mikataba hai, dhamana zinazokaribia kuisha, ankara zisizolipwa na hoja za ukaguzi zisizojibiwa ziorodheshwe, na kilichopungua kiandikwe siku hiyo kwa saini zote mbili. Wiki hiyohiyo chukua orodha ya vijana wa kitengo, angalia nani yuko stoo na nani anachapa barua, na upange zamu upya.